Jumapili Kabla ya Chumvi

Baba aliniamsha kwa kugonga mlango wa lori mara mbili, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwa watu asiowajua vizuri.

"Kagendo. Chai imeiva."

Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, Agosti 2023, kwenye uwanja wa malori karibu na soko la Kongowea, Mombasa. Nilikuwa nimelala kwenye kebini, juu ya ubao alioukata mwenyewe ukatoshea sawasawa juu ya viti. Yeye alilala nyuma kwenye bodi, chini ya turubai, mahali palipokuwa na viazi vyetu hadi jana yake mchana. Nilipofungua mlango nilikutana na harufu ya kabeji iliyooza, dizeli, na kitu kingine chenye unyevu ambacho sikukijua. Nikamuuliza ni nini.

"Bahari," akasema, akinipa kikombe. "Ukikaa sana huisikii tena."

Mimi ni mwalimu wa Historia na Kiswahili. Nimezaliwa Mikinduri, kwenye mteremko wa Nyambene unaotazama Tharaka, na nilikuwa sijawahi kuvuka Nairobi kwenda chini. Jina langu nilipewa la nyanya, mamake Baba, na maana yake kwa Kimeru ni msafiri. Watu wa kwetu hulicheka jina hilo wakiniangalia. Msafiri gani huyu anayetoka nyumbani kwenda shule na kurudi?

Aliyesafiri ni Baba. Aliendesha malori kwa miaka ishirini na sita. Alianza na magari ya miraa, zile zinazopita kijijini jioni kama zinafukuzwa na polisi, akaona wenzake wawili wakizikwa, akahamia kwenye viazi, ndizi na maharagwe. Akiteremka Pwani anabeba chakula, akipanda anabeba chumvi kutoka Gongoni, kaskazini ya Malindi. Safari ya kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 700. Ukiongeza kusubiri mzigo, kusubiri mnunuzi, kusubiri spea, mtu anaweza kukaa wiki tatu bila kulala kwenye nyumba yenye ukuta. Kwa hiyo tusidanganyane: Baba hakuwa akiishi Mikinduri akifanya kazi ndani ya lori. Aliishi ndani ya lori, akatembelea Mikinduri.

Likizo ile ya Agosti taniboi wake alikuwa ameacha kazi ghafla, na Mama akaniambia niende naye. "Wewe ndiye anakusikiza," alisema. Alinipa kazi moja kwa mdomo: nimwambie Baba auze lori, arudi nyumbani, umri umekwenda. Kazi ya pili hakuisema. Alinishika mkono nikiwa tayari nimekanyaga ngazi ya kebini, akasema tu, "Na uangalie." Sikuuliza niangalie nini. Msichana aliyelelewa na mke wa dereva hahitaji kuelezwa.

Kwa hiyo siku nne nzima nilikuwa naangalia.

Nilichoona kwanza ni nyumba. Chini ya bodi kulikuwa na sanduku la chuma lenye kufuli, na ndani yake meko ya gesi, sufuria mbili, unga, vitunguu, chumvi, na majani ya chai ya kwetu kwenye kopo la maziwa ya mtoto. Mtungi wa lita ishirini alikuwa ameutoboa akaufunga mfereji. Kamba ya kuanika nguo ilitoka kwenye kioo cha pembeni hadi kwenye ndoano ya turubai. Na juu ya dereva, pale pa kuzuia jua, kulikuwa na picha zetu tatu za pasipoti, mimi na ndugu zangu, zile za kujaza fomu za mtihani.

Kilichoniuma ni viatu. Kila alipopanda kebini, Baba alivua viatu akavipanga kando ya kiti, akaendesha kwa ndara safi. Nyumbani Mikinduri huingia na matope mpaka jikoni, na Mama amegombana naye juu ya hilo tangu nizaliwe. Nilipomuuliza mbona huku anavua, alinitazama kama nimeuliza swali la kitoto.

"Si hapa ndipo ninakaa?"

Sikumjibu. Niliangalia nje, Makindu ikipita.

Sasa ilikuwa Jumapili. Viazi vimeuzwa, na chumvi ingepakiwa Jumatatu asubuhi. Katikati palikuwa na siku moja isiyo na mzigo. Baba huiita siku tupu. Alisema tungeenda polepole, lori likiwa jepesi, tupitie barabara ya Malindi, tusimame tunapotaka, tulale Gongoni kwenye foleni. "Leo hakuna mtu ananingoja," alisema, na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetua gunia.

Tukaondoka jua likichomoza. Bamburi, Shanzu, daraja la Mtwapa. Lori tupu hupiga kelele kuliko lenye mzigo; kila chuma kinaongea. Baba aliweka redio ya Pwani, taarabu ikaingia, naye akawa anagonga usukani kwa kidole. Mimi nilimjua kama mtu wa nyimbo za kanisa la Methodist. Nikaandika hilo pia kwenye daftari la kichwani.

Baada ya Mtwapa mashamba ya mkonge yalianza upande wa Vipingo, mistari iliyonyooka mpaka macho yakachoka. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma, minazi yote imeinamia upande mmoja. Kwetu ukungu wa Agosti hukaa mlimani mpaka saa nne na watu hutembea wamefunga kanzu za sufi na mablanketi. Hapa nilitoa mkono nje ya dirisha na nikauacha huko kilomita baada ya kilomita. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, na sikumbuki mara ya mwisho nilipokaa mahali bila kusahihisha kitu.

Kilifi tulisimama kabla ya daraja. Kijana alikuja na korosho kwenye vifuko vidogo, akamtazama Baba, akatazama nambari ya simu iliyoandikwa ubavuni mwa lori na jina Meru chini yake.

"Wazee wa majani! Mmeleta?"

"Tumeleta viazi," Baba akamjibu.

"Mmeru gani wa viazi?"

Walicheka wote wawili. Baadaye aliniambia kwamba Pwani yote Mmeru ni miraa, hata akiwa padri. Juni 2014 Uingereza ilipoipiga marufuku miraa, kijijini kwetu watu walifunga ada za shule kwa kuuza ng'ombe, lakini huku barabarani hakuna aliyemwuliza Baba habari za viazi. Jina likishakupata, limekupata.

Tulivuka daraja polepole. Chini, mkono wa bahari uliingia bara ukiwa wa bluu kiasi kwamba nilidhani ni rangi ya kioo cha gari. Baba alisema alipoanza kazi, wazee wa barabara walikuwa bado wanasimulia siku za feri, kabla daraja halijafunguliwa 1991. Mtu angeweza kupanga foleni nusu siku na ndizi zikaiva mgongoni mwake. Dereva mmoja, alisema, aliuzia foleni mzigo wote, akageuza lori, akarudi kwao bila kuvuka.

"Wewe ungegeuza?" nikamuuliza.

"Kwenda wapi?"

Tulipopita msitu wa Arabuko-Sokoke nilianza kuona kitu ambacho tangu Mtito Andei nilikuwa nikikikataa. Kwenye njia panda ya Gede, Baba alipunguza mwendo, akainua kidevu.

"Hebu nisomee hicho kibao. Kinasema nini?"

Kibao kilikuwa kikubwa. Herufi zake zilikuwa kama kiganja changu. Nikamsomea: Magofu ya Gede, mshale. Akasema "aa" kama mtu aliyekuwa anajua na anahakikisha tu. Ndipo nikaunganisha. Siku nne zote tulikuwa tunaegesha kabla ya saa kumi na mbili jioni. Aliniambia ni uchovu. Pale Voi alinituma nikahesabu pesa mwenyewe. Kule Mariakani aliniuliza kama taa iliyo mbele ni ya pikipiki au ya gari yenye jicho moja, nikadhani anatania.

Taniboi hakuacha kazi ghafla. Taniboi aliogopa.

Nilinyamaza. Tuliingia Gede kwa sababu nilitaka kutembea, na kwa sababu nilitaka lori lisimame. Mji ule ulianza karne nyingi zilizopita, ukajenga msikiti, jumba la sultani na visima, kisha watu wakauhama, msitu ukaingia ndani. Mwaka uliofuata, 2024, UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Siku ile ulikuwa na sisi wawili, kundi la watoto wa kanisa, na tumbili waliomwangalia Baba kama wanamjua. Mizizi ya mibuyu na mikuyu ilikuwa imekumbatia kuta. Baba aligusa ukuta wa nyumba moja, akapima mlango kwa mikono.

"Mlango mwembamba," akasema. "Hawa walikuwa watu wa kukaa nyumbani."

Malindi nilimwonyesha nguzo ya Vasco da Gama. Nimeifundisha miaka kumi na moja: Aprili 1498, Mreno anatia nanga, mfalme wa Malindi anampokea baada ya Mombasa kumkataa, anapewa nahodha wa kumwongoza hadi India. Nimeichora ubaoni mara ngapi sijui, na kila mara niliichora ndefu sana. Ni fupi. Ni nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe, imesimama ukingoni mwa mwamba, na bahari inaipiga chini kwa hasira. Nilimweleza Baba habari yote, kwa sauti ya darasani. Alisikiliza kwa heshima.

"Alikaa hapa siku ngapi?"

"Siku chache tu."

"Akalala wapi?"

"Melini kwake, nadhani."

Baba akatikisa kichwa, ameridhika. "Basi yeye na mimi hatuna tofauti. Ni mzigo tu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Kisha nikaona kwamba hakuwa anacheka, alikuwa anatazama maji na kukunja macho, akiyakunja tena, kama mtu anayejaribu kufunga kitufe kigumu.

Tulivuka mto Sabaki. Ni ule ule Athi ninaoufundisha, unaobadilisha jina njiani hadi kufika baharini. Baba alisema mito ya kwetu haiji huku. Yetu huteremka Tharaka ikaingia Tana, na Tana huingia baharini mbele zaidi, Kipini. "Maji ya Mikinduri yanafika Pwani bila nauli," alisema. "Na hayarudi." Kisha akakata kulia, akaingia Mambrui bila kuniuliza, bila kibao chochote, kwenye njia ya mchanga iliyobana lori pande zote mbili. Aliendesha kama mtu anayetembea nyumbani kwake usiku. Nikajua tumefika mahali ambapo Mama alinituma niangalie.

Palikuwa na nyumba ya makuti na mwembe mkubwa. Chini ya mwembe, ardhi ilikuwa imekandamizwa na matairi, alama za miaka. Lori liliingia pale kama mguu kwenye kiatu chake.

Mwanamke alitoka akipangusa mikono kwenye leso. Alikuwa mzee kuliko Mama kwa miaka kumi na tano hivi, mwembamba, na kitambaa kichwani. Sijui nilitarajia nani. Labda mwanamke wa wanja na bangili. Moyo wangu uliokuwa tayari kupigana ukakosa mtu.

"Shikamoo," nikasema, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba huku ndivyo.

"Marahaba." Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anamwangalia Baba. "Ndo yeye?"

"Ndiye."

Akanishika uso kwa mikono miwili. Ilinuka vitunguu na nazi. "Kagendo! Wewe ndo uliyefeli hesabu ukalia siku mbili, hutaki kula?"

Nilisimama pale nikiwa sina la kusema. Matokeo ya kidato cha nne yalitoka mwanzoni mwa 2008. Barabara zilikuwa bado na hofu baada ya uchaguzi, malori yamekwama kila mahali, na Baba alifika nyumbani siku tisa baadaye. Nilikuwa nimepata alama za kwenda chuo kikuu, na D ya hesabu. Aliketi, akaisoma karatasi kwa muda mrefu, akasema "Sawa." Neno moja. Kesho yake akanipa viatu vipya na akaondoka. Neno hilo nilikaa nalo miaka kumi na tano. Nililisimulia kwa mume wangu. Nililisimulia hata kwa wanafunzi, bila kutaja jina, kama mfano wa namna mzazi anavyoweza kumnyima mtoto furaha yake.

"Siku zile alikuwa kakwama hapa," yule mama akaendelea, akinivuta kwenye mkeka. "Habari alizipata kwa simu. Akenda sokoni akanunua kuku watatu. Kuku watatu, na wakati ule hata petroli haipatikani! Tukachinja, majirani wote wakala. Kila apitaye huambiwa: mwanangu aenda chuo kikuu. Hata wasiomjua. Hata mwenda wazimu wa pale msikitini aliambiwa."

Nilimtafuta Baba kwa macho. Alikuwa ameinama chini ya lori, anagonga tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Alijua kila kitu, yule mama. Alijua mguu wa kaka yangu uliovunjika kwenye mpira, na ni wa kushoto. Alijua operesheni ya Mama, na kwamba Baba hakuwahi kufika hospitalini kwa wakati. Alituambia sisi kwamba lori liliharibika, na kweli liliharibika, lakini hakutuambia kwamba alilala usiku ule chini ya mwembe huu bila kufunga jicho. Kila kitu alichokuwa hatuambii sisi alikuwa akimwambia mwanamke anayemuuzia wali, kwa Kiswahili cha kuvunjika, Jumapili moja baada ya nyingine. Mume wake marehemu alikuwa baharia wa majahazi. Alizoea, alisema, wanaume ambao maneno huwatoka wakiwa mbali tu.

Sijui kama nilifurahi au nilikasirika. Ni kama kuambiwa kwamba kuna barua zako zilizofika kwa jirani miaka yote, na jirani akazitunza vizuri.

Tulikula wali wa nazi na mchuzi wa samaki. Tukanywa madafu. Baba alishusha gunia la viazi alilokuwa amelibakisha, nikagundua kwa nini hesabu ya Kongowea ilipungua gunia moja na mimi nikanyamaza nikidhani nimekosea. Yule mama akatoa nazi kumi. Hawakuhesabiana pesa.

Alipokuwa anatoa sahani aliniuliza bila kushusha sauti:

"Mmempeleka kutazamwa macho?"

Baba akasema, "Mama, tafadhali."

"Nisinyamaze mie. Ana mtoto wa jicho huyu, jicho la kulia lishaanza weupe, hata mie naliona. Mara ya mwisho aliugonga mwembe wangu. Mwembe! Ambao umesimama hapo tangu hajazaliwa. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwambie mamako."

Ile methali naifundisha kila mwaka kidato cha pili, na sikuwahi kuambiwa nimwambie mtu.

Jioni, kwenye saa kumi, tulienda ufuoni. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga umeenea mpana kama uwanja wa ndege, mwani umetupwa mistari mistari. Watoto walicheza mpira mbali sana. Baba alikuwa na chupa tupu ya maji ya lita moja mkononi. Mama alimwomba maji ya bahari mwaka ule alioanza kuja Pwani, ayaonje ahakikishe kama kweli yana chumvi. Kila mara alisahau.

"Umewahi kuingia?" nikamuuliza.

"Humo? Hapana."

"Miaka ishirini na sita?"

"Sisi tulitoka humo," akasema. "Nani hurudi mahali alipotoroka?"

Alikuwa anasema habari za Mbwaa. Kila mtoto wa Kimeru ameisikia: kwamba wazee wetu waliishi kisiwani, kwenye maji, chini ya watu walioitwa Nguo Ntune, Nguo Nyekundu, waliowafanya watumwa. Koomenjwe akawaongoza usiku, maji yakafunguka wakapita. Waliovuka gizani wakawa koo nyeusi, waliovuka alfajiri wakawa nyekundu, waliovuka mchana wakawa nyeupe. Wapo wanahistoria waliokitafuta kisiwa hicho kwa jina na wakaelekeza kidole Manda, karibu na Lamu, si mbali na pale tulipokuwa tumesimama. Shuleni nilikuwa nikiieleza kama simulizi, nikiongeza neno "inasemekana". Baba aliieleza kama mtu anayekueleza kwa nini hapandi gari la fulani.

Lakini alivua ndara. Akakunja suruali, taratibu, mguu mmoja halafu mwingine. Miguu yake ilikuwa myeupe na laini, miguu ya mtu aliyekaa. Tukaenda mpaka maji yakafika vifundoni, halafu magotini. Wimbi lilipovuta mchanga chini ya nyayo zake alinishika mkono kwa nguvu. Nikaelewa kwamba hakuwa anaogopa. Hakuwa anaona vizuri lilipoanzia wimbi.

"Mama yako amekutuma," akasema.

"Amenituma."

"Kazi ngapi?"

"Mbili."

Alitikisa kichwa. "Ya pili umeshaiona. Amekula meno yake yote kwa kutafuna korosho." Nikacheka, na machozi yakanitoka pamoja na kicheko. Alikaa kimya wimbi moja, mawili. "Ya kwanza, ningoje nipeleke hii chumvi. Usinisemee njiani. Nataka kuendesha mpaka nyumbani kama dereva."

"Mchana tu," nikasema.

"Mchana tu."

Akajaza chupa, akaifunga, akaipangusa kwa shati kama ni dawa.

Usiku huo tulilala Gongoni kwenye foleni ya malori, mashamba ya chumvi yakiwaka weupe chini ya mwezi. Asubuhi tulipakia. Tulipanda Nairobi kwa siku tatu badala ya mbili. Nilikaa mbele na kusoma kila kibao kwa sauti, kila pikipiki, kila shimo, kila ng'ombe, na Baba alijibu "aa" kila mara. Hatukuongea lingine lolote la maana. Labda ndivyo tunavyoongea.

Novemba alifanyiwa operesheni ya jicho la kulia, Meru mjini. Januari 2024 lori lilinunuliwa na kijana wa Muthara ambaye hakuulizwa bei mara mbili. Baba alitoa picha zetu tatu, sanduku la chuma, na ule ubao. Kitandani hakuweza kulala mwezi wa kwanza. Alihamia kwenye kochi, dirisha wazi, na Mama alikuwa akiamka usiku kumfunika, akigombana na yeye aliyelala. Nilidhani ubao ule ni wa kuni. Siku moja nikamkuta ameuwekea miguu, umekuwa benchi mbele ya nyumba, unatazama barabara. Viatu vyake vilikuwa vimepangwa kando ya mlango.

Ile chupa Mama aliifungua siku ile ile tuliyofika. Alimimina kidogo kwenye kijiko, akaonja, akatema, akaonja tena.

"Ni kweli," akasema. Kisha akaniuliza habari za kazi ya pili, kwa macho, bila neno.

Nikamwambia kuna mama mmoja mzee wa Mambrui anayemsalimu, na anauliza mguu wa kushoto wa mwanawe ulipona. Nikamweleza habari za kuku watatu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kile kijiko.

Jioni aliongeza maji ya kupika, akamwita Baba aje ale. Alimwita kwa jina lake. Hakusema Baba Kagendo, alivyomwita miaka yote.

Desemba hii tunapanga kwenda, sote, kwa basi. Mama amesema hataki hoteli. Anataka kulala chini ya mwembe.